Wati 12,000 za Uongo

Geuza sabufa yako uangalie mgongoni, pale waya wa umeme unapoingilia. Mara nyingi utakuta kibandiko kidogo chenye maandishi ya kusomwa kwa tochi: volti 220 hadi 240, hezi 50, wati 60. Kisha litafute boksi lake, lile ulilolihifadhi juu ya kabati. Mbele limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la mtengenezaji: PMPO wati 12,000. Namba mbili, chombo kimoja. Ya kwanza imeandikwa kwa ajili ya fundi umeme, ya pili kwa ajili yako mnunuzi. Ya fundi ndiyo ya kweli.

Hesabu hii haihitaji digrii. Pasi ya umeme inakula kama wati 1,000. Birika la umeme linakula kama wati 2,000. Plagi ya pini tatu tunayotumia Tanzania na Kenya hufungwa fyuzi isiyozidi ampea 13, na ampea hizo kwa volti 230 zinazaa wati 2,990. Hakuna soketi ya sebuleni iliyotengenezwa kupitisha wati 12,000. Na hata kama ingekuwapo, chombo hicho kingekula uniti 12 za umeme kila saa. Mteja wa TANESCO aliye kwenye daraja la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, angezimaliza zote kwa saa sita na robo za muziki, hajawasha taa wala feni. Lakini watu wanapiga sabufa hizo kutwa nzima na mita ya LUKU haishtuki. Sababu ni moja tu: wati 12,000 hazimo mle ndani, na hazijawahi kuwamo.

Huu ni ulaghai, na ninauita kwa jina lake. Anayeumia zaidi ni yule anayeanza: kijana aliyepata mshahara wa kwanza, mama aliyepokea zamu yake ya mchezo, mwalimu aliyejinyima mwaka mzima ili nyumba yake iwe na muziki. Anaingia Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi na fedha ya jasho lake, anatoka na boksi lililochapwa uongo. Akifika nyumbani anasikia kishindo, na kwa kuwa hajawahi kusikia kingine, anaamini kishindo ndio muziki. Aliyeibiwa simu hujua jioni hiyo hiyo kwamba ameibiwa. Huyu atakaa miaka mingi bila kujua alichonyimwa.

Msimamo wangu ni huu. Anayeanza kununua vyombo vya muziki asikubali kuuziwa namba. Fedha yake aiweke kwenye spika mbili nzuri kabla ya kitu kingine chochote, azichague kwa masikio yake mwenyewe, azipangie mahali pake sebuleni, na aachane na kila anayemwambia kwamba ubora wa muziki unasomwa kwenye boksi.

Watetezi wa PMPO wana jibu lao. Wanasema ile ni nguvu ya kilele, inayotoka kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo haipimwi kwa umeme unaoingia. Tuwafuate humo humo. Fungua sabufa ya kawaida, yenye boksi moja kubwa na vispika viwili vidogo. Utakuta transfoma ya ukubwa wa ngumi, kapasita mbili, kipande cha alumini cha kutolea joto, na juu yake aisii zilizofungwa kwa skrubu. Mafundi redio wanazijua aisii hizo kwa kuziona tu. Ile ya TDA2030 imepita mezani kwao kwa miongo mingi. Karatasi ya maelezo ya aisii hiyo inasema inatoa kama wati 14 kwenye spika ya om 4, ikilishwa volti 14 chanya na 14 hasi. Aisii haiwezi kutoa volti ambazo haikupewa. Kwa hiyo hata hicho kilele cha kufumba na kufumbua, volti 14 kwenye om 4, ni wati 49 na hapo ndipo mwisho. Weka aisii tatu za namna hiyo, hujafika 150. Hizo nyingine zaidi ya 11,800 zimetoka kiwanda cha kuchapa maboksi.

PMPO haina kipimo ambacho dunia imekubaliana juu yake, ndiyo maana kila mtu anaandika ya kwake na mwaka ujao anaiongezea sifuri. Kitu cha kuuliza ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Hata hiyo iulize ikiwa kamili: wati ngapi kwa kila chaneli, kwenye spika ya om ngapi, na sauti ikiwa imechanika kwa asilimia ngapi. Amplifaya inayojieleza hivyo, hata ikisema wati 30 tu, imekuheshimu. Iliyojaza sifuri mbele ya PMPO imekudharau kabla hujaitoa dukani. Debe tupu haliachi kuvuma.

Tena, hata wati za kweli hazistahili kusujudiwa hivyo. Masikio ya binadamu hayahesabu wati moja moja. Ukitoka wati 20 kwenda 40 unaongeza desibeli 3, tofauti unayoitambua lakini haikushtui. Ili sauti ionekane sikioni kuwa kubwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi: kutoka 20 hadi 200. Wakati huo huo kuna namba nyingine, haipigiwi tarumbeta, iliyojificha kwenye karatasi ya spika: unyeti wake, yaani inatoa desibeli ngapi ikipewa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 91 dhidi ya ya desibeli 85 ina faida ya desibeli 6, ambazo amplifaya ingezifidia kwa kuongeza nguvu mara nne. Na spika ya desibeli 87, ikilishwa wati moja tu, tayari inazidi sauti ya watu wanaozungumza. Ukisikiliza muziki jioni huku familia inaongea, spika zako zinakula wati moja, pengine chini ya hapo. Kwa sebule ya mita 4 kwa 5, amplifaya ya wati 30 hadi 50 za RMS kwa kila chaneli inatosha na kubaki. Anayekwambia unahitaji maelfu anakuuzia hofu.

Na kinachoibiwa ni kikubwa kuliko shilingi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay ili sauti yake inaswe kwenye santuri za HMV. Tangu hapo taarabu ya Unguja imetuletea kanuni yenye nyuzi zaidi ya 70, udi, fidla, nai, dumbaki na rika, vyote vikiwa pamoja na kila kimoja kikisikika. Kwenye dansi, Mlimani Park na Msondo wametufundisha jinsi magitaa yanavyosemezana: la solo linauliza, la rithimu linaitikia, la besi linawabeba wote wawili. Nyingi ya sauti hizi, pamoja na ya mwimbaji mwenyewe, zinaishi katikati, kuanzia karibu hezi 100 hadi elfu kadhaa. Sabufa iliyotengenezwa kwa ajili ya kishindo haina kitu hapo katikati. Boksi kubwa linanguruma chini, vispika vya plastiki vya inchi 3 vinapiga mluzi juu, na mwimbaji amebaki bila mahali pa kusimama. Zaidi ya hapo, besi ikizidi hufunika sauti zilizo juu yake. Ndivyo sikio lilivyoumbwa. Kwa hiyo mtu anaweza kumiliki nyimbo zote za Bi Kidude na asiwe amewahi kumsikia Bi Kidude.

Najua watakaoniambia: wewe mzee wa taarabu, sisi tunataka singeli na bongo fleva, tunataka besi. Haki yenu, na ninawaambia kwamba hata besi mmedhulumiwa. Besi ya kweli ina noti. Uzi mnene wa gitaa la besi unatoa hezi 41, na kutoka hapo kidole cha mpigaji kinapanda na kushuka, kila hatua ina sauti yake. Sabufa ya wufa ndogo ndani ya boksi lenye tundu haifiki huko chini. Inachofanya ni kuvimbisha sehemu moja, mara nyingi karibu na hezi 80 au 100, na kila kinachopita hapo kinatoka kikiwa kimefanana: ngoma ni buu, gitaa ni buu, mlango ukifungwa kwa nguvu ni buu. Jaribio lake halina gharama. Weka wimbo ambao gitaa la besi linatembea, usikilize. Je, unaweza kuimba mstari wake? Kama huwezi, chombo hicho hakina besi. Kina mtetemo.

Kwa nini nasema spika kwanza? Kwa sababu katika mnyororo mzima wa vyombo, spika ndiyo inayokosea zaidi. Simu yako, au hata deki ya CD ya zamani, inatoa muziki kwa usahihi mkubwa. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuwa ikichukua sampuli 44,100 kwa sekunde, inatosha kubeba sauti hadi zaidi ya hezi 20,000, mwisho wa masikio ya kijana mwenye afya. Amplifaya ya kawaida iliyotengenezwa kwa uaminifu inachanika chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia. Spika, ambayo kazi yake ni kugeuza umeme kuwa mwendo wa karatasi na hewa, huchanika kwa asilimia kadhaa ikipiga besi kwa nguvu, na huinua au kushusha baadhi ya sauti kwa desibeli kadhaa. Fedha inapaswa kwenda palipo na tatizo. Katika kila shilingi 100 uliyotenga, 60 au zaidi ziende kwenye spika. Kinachobaki kigawanywe kwa amplifaya, kisha waya.

Anayeanza na fedha kidogo nampa njia tatu. Ya kwanza ni spika mbili za studio zenye amplifaya ndani, wufa ya inchi 5, zinazochomekwa moja kwa moja kwenye simu au kompyuta. Zimebuniwa kwa watu wanaorekodi, na anayerekodi anahitaji kuambiwa ukweli. Ya pili ni amplifaya ya stirio na spika mbili za boksi la mbao zilizokwishatumika. Ya tatu, kwa aliye na fedha ya nusu mshahara tu, ni hedifoni nzuri za waya. Humo atasikia kwa bei ndogo kile ambacho kwenye spika kingemgharimu mara kadhaa.

Sasa twende dukani, maana huko ndiko vita viliko. Muuzaji hodari ana mbinu moja kuu, nayo ni sauti kubwa. Ataanza na chombo asichotaka kukuuzia, akiweke chini chini. Kisha, "Sikiliza hii sasa, bosi, hii inatikisa nyumba," na mkono wake utakuwa umezungusha kitufe cha sauti na cha besi kabla hujageuka. Sikio hupenda kilicho juu zaidi. Tofauti ndogo ya desibeli moja inatosha kulihadaa, wala halitajua kwamba limehadaiwa. Kwa hiyo kabla ya lolote, omba vitufe vya besi na treble virudishwe katikati. Omba vyombo viwili vilinganishwe kwa kiwango kimoja cha sauti. Kuna programu za bure za kupimia sauti kwenye simu, zinatosha kwa kazi hiyo. Omba taa za rangi zizimwe. Na omba kusimama umbali wa mita mbili, si puani pa spika.

Nenda na nyimbo zako mwenyewe. Ule wimbo wa dukani umechaguliwa kwa sababu unapendeza kwenye kila takataka. Chukua wimbo wa mwanamke anayeimba na kanuni au udi. Chukua wa dansi wenye magitaa matatu. Na chukua kitu ambacho wachache hukifikiria: sauti ya mtu unayemjua, mama yako au ndugu yako, akizungumza kwa dakika moja, uliyomrekodi kwa utulivu kwenye simu. Masikio yako yanamjua mtu huyo tangu hujajua kusoma. Spika ikimfanya asikike kama anaongea kutoka ndani ya pipa, au kama ana mafua, irudishe ilikotoka. Spika inayomshinda mama yako haitamweza mwimbaji yeyote.

Nyimbo hizo zisitoke kwenye flashi ya kibanda cha mtaani iliyojazwa nyimbo 1,000. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Nyimbo nyingi za flashi zile zimebanwa hadi 128 au chini yake, tena zikabanwa upya kila zilipohama mkono, mpaka matoazi yanasikika kama maji yanayochemka. MP3 ya 320 inatosha kabisa. Ukiijaribu spika nzuri kwa faili bovu, unaweza kuilaumu spika kwa kosa la faili.

Na funga macho. Hili nalisema kwa uzito wote. Mwaka 1994 mtafiti Sean Olive aliwakalisha wasikilizaji 40, wafanyakazi wa kampuni ya vyombo vya muziki ya Harman, wapime spika mara mbili: mara moja wakiziona, mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Alama zao zilibadilika. Umbo, bei na jina vilikuwa vimewasemea masikioni, na hao walikuwa watu wa kazi hiyo. Kabla yake Floyd Toole, katika maabara za Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alikuwa ameonyesha kwamba watu wasioona wanachosikiliza hukubaliana kwa kiasi kikubwa: wengi huchagua spika inayotoa sauti zote kwa ulinganifu, bila kuvimbisha chini wala juu. Masikio ya mtu wa kawaida yana akili nyingi. Kinachoyapotosha ni macho, na biashara nzima ya taa na sifuri imejengwa juu ya macho.

Ukishanunua, chumba ndicho kitakachoamua. Sebule zetu nyingi ni za tofali la saruji, sakafu ya vigae, dari ya jipsamu na madirisha makubwa ya vioo. Kila ukuta unarudisha sauti. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio unaokimbizana kutoka ukuta hadi ukuta, mwimbaji wako atakimbizwa hivyo hivyo. Zulia, pazia zito, makochi ya kitambaa na kabati la vitabu vinafanya kazi ambayo hakuna amplifaya itakayoifanya. Halafu spika. Nimeona nyumba nyingi mno ambako moja iko juu ya shokesi na nyingine nyuma ya kochi, au zote zimetundikwa pembeni karibu na dari. Stirio haiishi namna hiyo. Mhandisi Alan Blumlein alipoomba hataza yake ya stirio Uingereza mwaka 1931, nia ilikuwa sauti isikike ikitoka mahali pake, na hilo linawezekana tu kama spika mbili na msikilizaji wamekaa pembetatu. Ziweke mita 2 mbali na mbali, wewe ukae mita 2 au zaidi kidogo kutoka kila moja, twita, zile spika ndogo za sauti za juu, ziwe usawa wa masikio. Zitoe kwenye kona, kwa maana kona huvimbisha besi. Waya mwekundu uende kwenye nyekundu na mweusi kwenye nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, spika zitavutana na besi itapotea. Kazi yote hiyo ni ya nusu saa na haina bei.

Aliyeponea kwenye mtego wa kishindo asije akaingia wa pili, wa watu wa suti. Hao hawazungumzii wati. Wanauza nyaya za spika kwa bei ya pikipiki, na wanasema kwa sauti ya upole kwamba utasikia tofauti. Fizikia inawakatalia. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule ule wa kufungia soketi nyumbani, kwa umbali wa mita 5 una ukinzani wa kama om 0.07 kwenda na kurudi, mbele ya spika ya om 8. Ni kiasi cha kupuuzwa. Nunua waya laini wa shaba wa kipimo hicho kwenye duka la vifaa vya umeme. La kuangalia ni moja: kwangua ncha yake kwa wembe. Ikiwa ndani ni nyeupe, umepewa alumini iliyopakwa shaba, mrudishie mwenyewe. Hao hao watakuuzia muziki wa kiwango cha juu kuliko CD. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio lao: wasikilizaji walitakiwa kutofautisha rekodi za kiwango hicho na zile zile zilizopitishwa kwenye kiwango cha CD. Walipatia mara 276 kati ya 554. Ndivyo ambavyo wangepatia kwa kubahatisha.

Kwa vya mtumba nina maonyo machache, maana humo mna hazina na mna moto. Amplifaya nyingi zinazotoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100. Ukizichomeka kwenye 230, siku hiyo hiyo zimekwisha. Soma kibandiko cha nyuma, na kama ni 100, hesabu bei ya transfoma ya kushushia umeme. Kwenye spika, gusa ukingo wa koni. Ukiwa wa sponji, huoza kwa miaka na hali ya unyevu ya pwani yetu haiusaidii. Ukimeguka kama keki, bei ishuke au uondoke. Wa mpira hudumu. Sukuma koni polepole kwa vidole vilivyotawanywa: ikikwaruza, koili imeharibika. Zungusha kitufe cha sauti; mikwaruzo midogo fundi ataisafisha, sauti ya upande mmoja ikikatika ni mazungumzo mengine.

Nimemaliza na mnunuzi, sasa nina neno na wenye dhamana. Haya yamewahi kuwapata wengine. Marekani, watengenezaji wa amplifaya walishindana kutangaza wati za kubuni hadi Tume ya Biashara ya Shirikisho ikaweka kanuni mwaka 1974: anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani ataje nguvu ya mfululizo ya kila chaneli, aseme ni kwenye om ngapi, kuanzia hezi ngapi hadi ngapi, na mchaniko wa asilimia ngapi. Mwaka 2024 waliipitia upya na kuikaza. Mwaka ule ule wa 1974 Kenya ilianzisha shirika lake la viwango, KEBS, na Tanzania ikafuata kwa sheria ya viwango ya 1975 iliyozaa TBS. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Kenya ya 2012 inayahesabu maelezo ya uongo juu ya bidhaa kuwa mwenendo usio wa haki. Vyombo tunavyo na sheria tunazo. Sasa zitumike juu ya boksi la sabufa kama zinavyotumika juu ya chupa ya maji na mfuko wa saruji. Lisipite Bandari ya Dar es Salaam wala ya Mombasa boksi lenye neno PMPO. Wati za RMS na wati zinazoliwa kutoka ukutani ziandikwe mbele, kwa herufi za ukubwa mmoja. Anayeona hilo ni dogo akumbuke kwamba anayeibiwa hapa ni mtu wa kipato cha chini, na anaibiwa mbele ya macho ya wote.

Hatutakaa kusubiri hadi hapo. Soko linabadilika mnunuzi anapobadilika, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukienda dukani Jumamosi hii, ingia na nyimbo zako kwenye simu na maneno manne mdomoni: RMS, om, kusikiliza, risiti. Sema unataka kuzijua wati za kweli. Sema unataka kusikiliza nusu saa, vitufe vikiwa katikati. Sema unataka risiti yenye jina la chombo na maneno aliyokuhakikishia. Muuzaji mwaminifu atakuvutia kiti, kwa sababu mteja anayesikiliza ndiye atakayerudi. Yule anayechukizwa na maswali hayo, mwachie boksi lake na sifuri zake zote.